EDMOND ALBIUS, MTOTO MTUMWA ALIYEOANISHA MAUA YA VANILA

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wenye jina tumezoea kusoma habari za wafalme, majenerali, watu wa siyansi na wasafiri waliovuka nchi yetu. Mara hii tumechagua mtu wa namna ingine. Hakuwa na nyumba yake, hakukaa shuleni hata siku moja, na mpaka umri wa miaka 19 hakuwa na jina la jamaa, maana alikuwa mali ya mtu. Lakini kila mara mtu anapokata keki yenye harufu ya vanila ya kweli, kazi ya mikono ya mtu huyu imo ndani. Jina lake ni Edmond Albius.

Tunasema vanila ya kweli kwa sababu bisikuti na bonbon nyingi za butiki zinatiwa harufu inayotengenezwa kiwandani, ambayo haikuona shamba. Vanila ya kweli ni tunda la mmea. Na mmea ule ni wa jamaa ya maua ambayo kitabu cha biologia kinaita orchidées. Sisi tutaandika okidi. Wengi kati yetu wameona okidi za pori. Zinakaa juu ya matawi ya miti mikubwa, mizizi inaning'inia hewani, na watu wanafikiri zinanyonya mti, kumbe zinashikilia tu. Jamaa hii ni kubwa sana, ina aina zaidi ya 25,000 duniani, na karibu zote zinazopandwa zinapandwa kwa kupendeza macho. Vanila ndiyo inalimwa mashamba kwa mashamba kwa ajili ya tunda.

Mtu anayefuga okidi nyumbani anajua taabu moja: kupata mmea si kazi, kazi ni kuufanya utoe maua, halafu utoe tena mwaka unaofuata. Kwa vanila taabu ni mbili. Kwanza itoe ua, kisha ua lishike tunda. Ile taabu ya pili iliwashinda wazungu wa bustani kubwa na wenye mashamba kwa miaka mingi sana. Mtoto wa miaka 12 ndiye aliyeimaliza, kwa kijiti na kidole gumba.

Tuanze mbali kidogo. Vanila inatoka Meksiko na nchi za jirani yake. Watu wa Totonaki waliijua zamani sana, na Waazteki waliowatawala walidai vanila kama kodi. Wahispania walipofika mwaka 1519 walionja kinywaji cha kakao chenye vanila, wakaipenda, wakaichukua Ulaya. Toka wakati ule, kwa miaka karibu 300, mtu wa Ulaya aliyetaka vanila alipaswa kuinunua kutoka Meksiko, na bei ilikuwa bei ya watu wakubwa.

Si kwamba hawakujaribu kuipanda penginepo. Vanila ni kamba, inapanda mti kama vile maharagwe yanavyopanda kijiti. Ukikata kipande na kukichomeka udongoni kinashika. Vipande vilifika London, Antwerp na Paris, vikatunzwa katika nyumba za vioo zenye joto. Vilikua vizuri, na siku zingine vilitoa hata maua. Lakini tunda hakuna. Ua linafunguka asubuhi, mchana linaanza kulegea, kesho yake liko chini. Sababu ni namna ua lenyewe lilivyoumbwa. Unga wa kiume na mahali pa kike vyote viwili vimo ndani ya ua moja, karibu karibu kabisa, lakini katikati yao kuna kingozi kidogo kama ulimi, kinachowatenga. Unga hauwezi kushuka wenyewe. Upepo hauwezi kuuchukua, maana si unga mkavu wa kuruka kama wa mahindi, ni kidonge kinachonata. Kule Meksiko wako nyuki wa pori wanaofanya kazi ile. Vitabu vingi vinataja nyuki wadogo wasiouma wanaoitwa Melipona. Watafiti wa siku hizi wanaelekeza zaidi kwa nyuki wengine wanaong'aa, wa aina ya Euglossa. Hata kule wanafika kwa maua machache tu. Nje ya Amerika nyuki wale hawako. Basi bwana arusi na bibi arusi wanakaa nyumba moja, mlango umefungwa, na mwenye ufunguo amebaki ng'ambo ya bahari.

Mtu wa kwanza kufungua mlango ule Ulaya alikuwa Charles Morren, profesa wa Liège, Ubelgiji, ile nchi iliyokuja kututawala sisi baadaye. Mwaka 1836 aliunganisha unga na mahali pa kike kwa mkono, na vanila yake ilizaa. Nyuma yake kidogo Neumann wa bustani ya Paris alifanya vilevile. Kazi yao ilikuwa kazi ya kweli na iliandikwa katika vitabu vya siyansi. Lakini ilibaki vitabuni na katika nyumba za vioo. Namna yao haikuwa namna ya shamba, na wenye mashamba katika nchi za joto waliendelea kutazama kamba zisizozaa.

Moja ya nchi zile ni kisiwa cha Réunion. Kiko katika bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, na zamani kiliitwa île Bourbon. Wafaransa walikitawala, wakapanda kahawa, kisha miwa. Kazi ya mashamba ilifanywa na watumwa. Walitolewa Madagaska, na pwani ya Afrika ya mashariki upande wa Msumbiji na Kilwa, wengine India. Mwaka 1822 miche ya vanila kutoka bustani ya Paris ilifika kisiwani, wenye mashamba wakagawana vipande. Vilishika, vikapanda miti, vikakaa bure.

Edmond alizaliwa kule mwaka 1829, katika Sainte-Suzanne, upande wa kaskazini mashariki ya kisiwa. Mama yake, Mélise, alikufa wakati wa kumzaa. Baba yake aliitwa Pamphile. Wote wawili walikuwa watumwa, na kwa sheria ya wakati ule mtoto wa mtumwa alizaliwa mtumwa. Mwenye mali alikuwa mwanamke mzungu, Elvire Bellier-Beaumont, naye akamtoa mtoto kwa kaka yake Ferréol, mwenye shamba la Bellevue.

Huyu Ferréol alipenda mimea kupita kiasi. Mtoto alimfuata nyuma kila mahali bustanini, na yule bwana akawa anamwonyesha: hii jina lake hivi, ile jina lake vile. Edmond hakujua kusoma wala kuandika, lakini alishika majina ya botanika yale ya Kilatini ambayo sisi wa sekondari tunayatafuna kwa shida. Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Watu wengine wanasimulia habari hii kana kwamba Ferréol alikuwa baba wa mtoto, na mambo yote yalikuwa matamu. Alimpenda, hilo yeye mwenyewe aliliandika. Lakini alimpenda akiwa mali. Mtoto mwenye akili kama ile aliachwa bila alfabeti, katika nyumba ya mtu mwenye vitabu.

Siku moja Ferréol alimfundisha kuoanisha maua ya mmea mmoja wa jamaa ya maboga. Ninyi mnaolima maboga nyumbani mnajua kwamba ua dume liko mbali na ua jike. Ukichuma dume na kugusisha unga wake katika jike, boga linashika hakika. Ni kazi nyepesi, kila kitu kinaonekana kwa macho. Mtoto aliangalia, akafanya, akaweka jambo lile kichwani.

Katika shamba la Bellevue kulikuwa kamba moja ya vanila, ya karibu miaka 20, ambayo haikuwa na faida. Mwaka 1841 Ferréol alikuwa anatembea bustanini pamoja na Edmond, akaona juu ya kamba ile tunda limening'inia, la kijani, refu kama ganda la haragwe. Alistuka. Edmond akamwambia kwamba ni yeye aliyelifanya. Bwana hakuamini. Alifikiri labda ni bahati, labda upepo, labda mdudu. Siku mbili tatu zikapita, tunda lingine likaonekana karibu na lile la kwanza. Akamwuliza tena, na mtoto akajibu vilevile. Ndipo akamwambia: basi, nionyeshe.

Edmond akachukua ua lililofunguka asubuhi ile, akafanya mbele yake.

Tutaeleza namna yake, maana ni ile ile inayotumika mpaka leo bila kubadilishwa. Ua unalishika kwa mkono mmoja, kwa upole, linaegemea vidole. Mkono mwingine una kijiti chembamba, au unyasi mgumu, au mwiba usio na ncha kali. Kwa kijiti unapasua kidogo ile petali iliyojikunja kama mfereji, ndani unaona nguzo nyeupe. Juu yake kuna kidonge cha unga, chini yake mahali pa kike, na katikati ule ulimi. Unaingiza kijiti chini ya ulimi, unauinua, unausukuma juu. Mlango umefunguka. Sasa kidole gumba kinasukuma kidonge taratibu mpaka kiguse mahali pa kike na kunata pale. Unaondoa kijiti. Imekwisha. Mwenye mkono uliozoea anafanya hivi kwa muda wa pumzi mbili. Kesho ukikuta ua limekauka lakini limeshikilia shina lake, ndoa imefanyika. Likianguka, haikufanyika.

Kule Réunion wanasema kwa Kifaransa kwamba wanaoza maua, na wanawake wanaofanya kazi ile wanaitwa kama washenga vile. Sisi tunaona jina ni zuri, ndiyo maana tumeliweka juu ya habari yetu, ila tumeandika kuoanisha, kusudi mtu asifikiri habari ya ndizi zilizooza.

Watu wengine kisiwani, waliokuwa na wivu, walieneza habari kwamba mtoto alikasirikia bwana wake, akaponda maua kwa hasira, na matunda yakashika kwa bahati. Tumefikiri juu ya maneno yale na tunayakataa kabisa. Jaribuni ninyi wenyewe kuponda ua la vanila mwone kama litazaa. Kazi hii inataka mtu aliyetazama ndani ya ua siku nyingi, akaona kwamba kitu kimoja kinazuia vitu viwili, akakumbuka somo la boga, akajiuliza hapa dume iko wapi na jike iko wapi. Hiyo si bahati. Hiyo ndiyo siyansi yenyewe, hata kama mwenyewe hana viatu.

Ferréol, na hapa tumsifu, hakuficha habari na hakusema ni kazi yake. Aliandikia wenye mashamba wengine kwamba mtumwa wake Edmond amepata namna. Nao wakaomba mtoto aje. Basi akawa anachukuliwa kwa gari la farasi kutoka shamba hadi shamba, akafundisha watumwa wa pale, mmoja baada ya mwingine. Mtoto wa miaka 12 akawa mwalimu wa kisiwa. Mshahara hakupata, maana mtumwa hana mshahara.

Kuoanisha peke yake hakutoshi kama maua hayaji, kwa hiyo wenye mashamba wakalazimika kujifunza pia tabia ya kamba. Tueleze kidogo kwa ajili ya wale wenye kutaka kujaribu kwao nyumbani. Vanila inapenda nusu kivuli. Jua kali linachoma majani, giza linaikatalia maua. Chini iwekewe majani makavu mengi, na jembe lisipite pale, maana mizizi yake inatembea juu juu. Mti wa kuitegemeza usiwe mrefu, kwa sababu ukiiacha itapanda mpaka juu na hutafika kwa ua bila ngazi. Wakulima wanaikunja kamba ishuke tena, wanaitundika juu ya tawi. Kule kukunja kunaisaidia pia kutoa maua. Mche mzuri unaanza kutoa maua katika mwaka wa tatu hivi.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa huruma hawalipendi: vanila lazima iteswe kidogo. Isipopata majuma kadhaa ya ukavu, inaendelea kutoa majani tu, nzuri kwa macho, bure kwa kikapu. Mtu anayeimwagilia kila siku mwaka mzima ataishangaa. Wakulima wanakata pia ncha ya kamba mbele ya wakati wa maua, ili nguvu isiende katika kurefuka. Na ukitaka ichanue tena mwaka ujao, ujue kwamba pale pembeni ya jani palipokwisha kutoa maua hapatoi mara ya pili. Kwa hiyo sehemu iliyozaa inakatwa, na machipukizi mapya yanaachwa kushuka chini, yale ndiyo ya mwaka unaofuata. Okidi nyingi za nyumbani zina tabia inayofanana na hii: zikikosa badiliko la majira, hazioni sababu ya kuchanua.

Kishada kimoja kinaweza kuwa na maua 15 au 20, yanafunguka moja moja, siku kwa siku. Mwenye tamaa anaoanisha yote, anapata matunda membamba na kamba inachoka. Mwenye akili anachagua 8 au 10 hivi, basi. Tunda linarefuka upesi, kwa majuma machache, lakini linaomba karibu miezi 9 ili likomae, kama mtoto wa mtu. Na likichumwa halina harufu. Harufu inakuja nyuma ya kazi ingine: kulizamisha katika maji ya moto yasiyochemka, kulifunika litoke jasho, kulianika jua, kulikausha polepole miezi mingi. Kilo 5 au 6 mbichi zinatoa kilo 1 tu. Namna ya maji ya moto ilitengenezwa palepale Réunion, mnamo miaka ya 1850, na wenye mashamba wawili, Ernest Loupy na David de Floris. Majina yao tunayataja kwa haki, maana bila wao matunda ya Edmond yangeoza.

Mwaka 1848 kisiwa kilipeleka Ufaransa kama kilo 50 za vanila. Mwaka 1898 zilikuwa tani 200 hivi. Réunion ilikuwa imeipita Meksiko, nchi ya mama. Nyumba nzuri zilijengwa kwa fedha ile.

Mwaka 1848 ndio mwaka wa uhuru pia. Ufaransa ilikata shauri kumaliza utumwa, na tarehe 20 Desemba habari ilitangazwa Réunion. Watu zaidi ya 60,000 wakawa huru. Kila mmoja alipaswa kupata jina la jamaa, na makarani waliwaandikia majina kwa kubuni. Edmond akapewa jina la Albius. Linatokana na neno la Kilatini la weupe. Kwa nini mtu mweusi aitwe Mweupe? Wengine wanasema ni kwa sababu ya ua la vanila, lakini ua lile lina rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, si jeupe. Sisi tunafikiri karani alikuwa anacheka.

Akatoka Bellevue akiwa na miaka 19, ana jina, hana shamba, hana fedha, hana cheti. Wenye watumwa walilipwa fedha na serikali ya Ufaransa kwa ajili ya mali waliyopoteza. Watumwa wenyewe hawakulipwa kitu. Edmond alikwenda mji wa Saint-Denis, akatumika kama boyi wa jikoni kwa afisa mmoja. Mtu ambaye wenye mashamba walimtumia gari la farasi sasa alikuwa anaosha masufuria.

Kule mjini aliingia katika kesi ya wizi wa vitu vya dhahabu, akahukumiwa boloko na kazi ngumu. Hatutaki kuruka jambo hili, kwa sababu waandishi wengine wanaliruka kusudi shujaa wao awe safi. Alihukumiwa, ndivyo ilivyoandikwa. Lakini tazameni pia upande wa pili. Katika miaka ile ile kisiwa kilikuwa kinatajirika kwa kazi aliyoifundisha, na yeye alikuwa anavunja mawe. Ferréol alisumbuka kwa ajili yake, na mwamuzi mmoja wa Sainte-Suzanne alimwandikia gavana, akimkumbusha kwamba koloni ina deni kwa mfungwa huyu. Mwaka 1855 akafunguliwa mbele ya kumaliza kifungo. Gavana alimpa uhuru. Pensheni hakumpa.

Edmond alirudi Sainte-Suzanne, karibu na shamba la zamani, akaishi kule kimaskini.

Ikabaki vita ya mwisho, na hii haikuwa ya fedha. Ilikuwa ya jina. Vanila ilipokwisha kuwa utajiri, alitokea mtaalamu wa botanika, Jean Michel Claude Richard, mtu mwenye sifa, aliyekuwa mkubwa wa bustani ya serikali katika kisiwa. Alisema kwamba mwaka 1838 yeye ndiye aliyeonyesha namna ya kuoanisha vanila mbele ya watu kadhaa, na yule mtumwa mdogo labda alikuwa amesimama pembeni, akaona, akaiba. Watu wengi wakaamini. Ni rahisi kuamini kwamba bwana mwenye vitabu amegundua kuliko mtoto mweusi asiyejua kusoma.

Ferréol alikuwa mzee sasa, na Richard alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Angeweza kunyamaza. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1860 aliandika barua ndefu kwa Volsy Focard, aliyekuwa anakusanya habari za kisiwa. Akaeleza kila kitu: kamba isiyozaa, tunda la kwanza, mtoto akionyesha mbele ya macho yake. Akauliza jambo moja ambalo mpaka leo halina jibu. Kama namna ile ilionyeshwa mwaka 1838 mbele ya wenye mashamba, kwa nini mwaka 1841 wenye mashamba wale wale walituma magari kumchukua Edmond aje awafundishe? Kwa nini katika miaka mitatu ile hakuna hata kamba moja iliyozaa? Akamaliza kwa kusema kwamba rafiki yake amekumbuka vibaya, na kwamba heshima ni ya Edmond.

Shukrani kwa barua ile, leo tunalo jina. Mwaka 1863 mchoraji Antoine Roussin alichapisha pia picha ya Edmond: mtu mzima aliyevaa vizuri, anashika mmea wa vanila mkononi, anatutazama. Tunapoona picha ile tunajiuliza ni watumwa wangapi wengine waliogundua mambo shambani au jikoni, na hawakuwa na bwana mmoja wa kuwaandikia barua.

Edmond Albius alikufa tarehe 9 Agosti 1880, katika hospitali ya Sainte-Suzanne, akiwa na miaka 51 hivi. Gazeti moja la kisiwa lilitoa habari ile majuma mawili nyuma yake, likasema kwamba mtu aliyetajirisha koloni amekufa katika umaskini na taabu, na kwamba maombi ya kumpatia msaada hayakupata jibu. Leo sanamu yake imesimama Sainte-Suzanne.

Kamba yenyewe haikungoja. Mwishoni mwa karne ile wakulima wa Réunion waliipeleka kisiwa cha Nosy Be na Madagaska bara, na visiwa vya Komoro. Madagaska sasa ndiyo inayotoa vanila nyingi kuliko nchi zote duniani. Ilifika Uganda pia, ambako majira ya ukavu ni mawili kwa mwaka na maua yanakuja mara mbili. Na huku kwetu Kongo inalimwa upande wa Beni, Butembo na Mambasa, katikati ya kakao na kahawa. Wakati wa maua, watu wa shamba wanatoka asubuhi mapema, kwa maana saa sita ni kuchelewa. Kila mmoja ana kijiti chake alichokichonga mwenyewe. Mwenye mkono mwepesi anaoanisha zaidi ya maua elfu moja kwa siku, akiinua ule ulimi na kusukuma kwa kidole gumba, namna ile ile ya Bellevue.